Fimbo Yako Inabaki Kihanga

Evodi mwanangu,

Salamu siziandiki. Tumeshaamkiana asubuhi, ukanipa shikamoo yako mdomo umejaa matoke, nami nikaitikia hivyo hivyo. Sasa umekwenda Kanoni kuwaaga wajomba zako, baba yako yuko zizini na ndama wake, na mimi nimekaa mlangoni niandike kabla jua halijazama, maana mafuta ya taa si ya kuchezea. Nikimaliza nitaitia barua hii ndani ya shati lako la Jumapili, lile usilolipenda, ili uikute ukiwa umeshafika Bukoba na huwezi tena kubishana nami.

Ya kufua nguo, ya kusali jioni, ya kutotembea na walevi, hayo sitayagusa. Shangazi zako wameyasema tangu juzi mpaka kuku wa hapa Kihanga wameyajua. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la nyongeza.

Unakumbuka Jumapili ile karani wa meli alipotusimamisha baada ya misa. Alikuwa amevaa soksi ndefu nyeupe, na kila mtu akawa anaziangalia soksi badala ya kusikiliza. Alisema, "Huyu tunamchukua kwa sababu ni mtoto wa Kaijage. Mkono wa Kaijage kwa ng'ombe unajulikana meli nzima. Kijana atafunga kamba na kusafisha sitaha kama wenzake, na ng'ombe wakipakiwa atawaangalia. Ila asianze na maneno ya kudai." Ami zako wakaitikia kwa pamoja kwamba utashukuru. Mimi nilinyamaza, nawe ukanitazama ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu pale penye watu ningesema maneno ambayo padri angeyasikia.

Baba yako hajawahi kukueleza, kwa hiyo nieleze mimi. Kila baharia ana mshahara wake. Lakini baharia anayefanya kazi maalumu, ambayo wenzake wa cheo kile kile hawaifanyi, hupewa kitu juu ya mshahara, na hicho ndicho wanachokiita nyongeza. Anayeendesha winchi ya kupakia mizigo anayo. Anayetupa bildi, yule anayeshusha risasi yenye kamba kupima kina meli inapokaribia bandari, anayo. Anayeingia ndani ya bwela, lile tangi la kuchemshia maji, akakwangua magamba yaliyoganda humo, anayo, na sabuni juu yake. Kuna mmoja alikuwa akizamia kuondoa magugu yaliyojisokota kwenye pangaboi linalosukuma meli, naye alikuwa nayo, ingawa baba yako anasema alikuwa mvivu kuliko paka. Kila kazi kati ya hizo ina jina, na jina likitajwa nyongeza inafuata.

Ya ng'ombe haina jina. Na aliyelifuta ni mimi.

Baba yako alipoajiriwa, wewe ulikuwa bado mgongoni mwangu. Aliondoka hapa na blanketi, kibuyu cha samli na fimbo ya kuchungia, kama anayehamia malisho mengine. Nilimcheka nikamwambia ziwani hakuna majani. Akasema mwanamume wa kwetu hatembei mikono mitupu. Basi meli ile ilikuwa inachukua ng'ombe wa wachuuzi kutoka upande wa pili wa ziwa, wakifungwa kwenye sitaha ya mbele. Sitaha ni chuma, na kwato za ng'ombe juu ya chuma kilicholowa ni balaa. Mabaharia wengine walikuwa wavuvi na watoto wa wavuvi. Samaki wanamjua, lakini ng'ombe akitikisa pembe wanapanda juu ya magunia ya kahawa. Kila safari alianguka mmoja au wawili, akavunjika mguu, akachinjwa kabla ya kufika.

Safari yake ya kwanza yenye ng'ombe, baba yako hakuambiwa afanye lolote. Alikuwa anafagia. Akasikia ng'ombe analia, akaacha ufagio. Alichukua majivu ya tanuri akayamwaga juu ya chuma, akatandaza majani juu ya majivu, akawapanga upya vichwa vielekee ndani wasiyaone maji. Kisha akakaa katikati yao na fimbo yake akawatajia majina ya sifa, kama babu yako alivyokuwa akiwaita wa kwake jioni. Ziwa lilichafuka, na hakuanguka hata mmoja. Safari ya pili ikawa hivyo, na ya tatu, mpaka wachuuzi wakaanza kuuliza mtu wa Karagwe yumo melini ndipo wapakie.

Bwana mkubwa wa meli hakuwa mjinga. Akamwita baba yako akamwambia atapata nyongeza ya ng'ombe, kama wa winchi anavyopata ya winchi. Baba yako akasema kwanza atauliza nyumbani. Unamjua alivyo, hata shati hanunui bila kuuliza.

Akaja likizo. Nilimpa maziwa, akanywa, akaniambia, "Wamesema watanilipa juu ya mshahara kwa ajili ya kukaa na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa wachuuzi."

"Kwa hiyo umevuka ziwa lote lile," nikamwambia, "ukawe mchungaji wa kuajiriwa."

Ujue kwanza nilikotoka. Kwa baba yangu kulikuwa na wenye ng'ombe, na kulikuwa na waliochunga ng'ombe wa watu kwa ujira, na hawa wa pili walikula peke yao. Na mtu mwenye kwao, jirani yake akiwa na ng'ombe anayezaa vibaya, alikwenda akamsaidia mpaka ndama akasimama, akanywa maziwa, akarudi. Kudai malipo pale ilikuwa sawa na kumdai mwanamke uliyemshika mgongo wakati wa uchungu. Mimi nilikuwa kijana, nimeolewa juzi, na ng'ombe wa baba yangu bado nawabeba kichwani kama taji. Nikamwambia mume wangu alipwe kwa kamba, alipwe kwa ufagio, lakini kwa ng'ombe mtoto wa watu halipwi. Nilisema nikijiona nimesema neno kubwa. Mama mkwe alikuwepo akanisifu, na hiyo ingenitosha kujua kwamba nimekosea, maana yule bibi hakuwahi kunisifu kwa jambo jema.

Alirudi akaikataa. Bwana mkubwa alicheka, akasema vizuri sana. Hawakumuuliza tena. Na tangu siku ile, kijana yeyote wa Karagwe aliyepanda meli ile alikabidhiwa ng'ombe bure. Akiuliza, anajibiwa kwamba watu wa huko hawalipwi kwa ng'ombe, wanafanya kwa mapenzi yao wenyewe. Maringo yangu ya jikoni yakawa sheria ya meli.

Usinionee huruma kwa hili, sikuiomba. Kwa padri nimeungama mengi, hili sijaliungama na sitaliungama. Halikuwa dhambi, lilikuwa ujinga, na ujinga haupatiwi malipizi, unasemwa ili mwingine asiurudie. Ndiyo maana nauandika kwa wino.

Sehemu inayofuata unaijua nusu yake. Ulikuwa umeshaanza kutoka na ndama malishoni. Fahali alikata kamba ziwa lilipochafuka, baba yako akaingia kati yake na ukingo wa meli, kwa sababu upande ule kulikuwa na ng'ombe mwenye mimba. Fahali akambana mguu kwenye chuma. Uliona walivyomshusha kwenye lori hapa barabarani, mweupe midomo, ananiuliza mvua imenyesha au bado. Usichokijua ni safari yangu ya Bukoba.

Nilikwenda mwenyewe. Nilipanda lori juu ya magunia, nimebeba kibuyu cha mtindi cha kumpa karani, maana niliambiwa ofisini haiendwi mikono mitupu. Hakuwa huyu wa soksi, alikuwa mwingine, aliyemtangulia. Nikamwambia mume wangu ameumia kazini, nimekuja kuuliza anasaidiwa nini.

Akaniuliza, "Alikuwa kwenye winchi?"

"Hapana. Alikuwa na ng'ombe."

"Mama, kazi ya ng'ombe haimo. Kazi yake ni kamba na sitaha. Kule kwa ng'ombe alikwenda kwa mapenzi yake."

"Ng'ombe walifika?" nikamuuliza.

"Walifika."

"Wazima?"

"Wazima."

"Nani aliwafikisha?"

Akanitazama, akatazama mlango. "Nenda nyumbani mama," akasema. "Pole sana."

Evodi, nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi yao na kibuyu changu mapajani. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanalia. Hapo ndipo aliponiona serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha. Jina lake Mbaraka, mtu wa pwani, Mwislamu safi, mzee aliyempenda baba yako sana. Akaniamkia akaniita shemeji, akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji," akasema, "Kaijage nilimwambia. Nilimwambia chukua nyongeza hata kama utaigawa njiani kwa maskini. Melini kazi isiyo na nyongeza haina jina, na kazi isiyo na jina, mtu akiumia nayo ameumia kwa shughuli zake. Yule wa winchi alikatika kidole, wakamlipa. Kwa nini? Kwa sababu kila mwezi walikuwa wameshakubali kwamba winchi ni kazi."

Mimi nilidhani nyongeza ni pesa ya tamaa. Kumbe ni wao wenyewe kukiri, mwezi hadi mwezi, kwamba kazi ipo na mwenye kuifanya yupo. Hilo sikulijua mpaka mguu wa mume wangu ulipokwisha kupinda.

Nikamwambia serahangi, "Huu mtindi nilimletea karani."

Akasema, "Utaharibika."

"Hautaharibika," nikamwambia. Nikafungua kibuyu, nikanywa, nikampa, akanywa. Tukaumaliza wote pale ngazini, karani anatuona kupitia dirishani, na sikufuta mdomo mpaka nilipofika kwenye lori. Shangazi zako wakisikia habari hii watasema niliaibisha ukoo. Waambie ulikuwa mtindi mzuri.

Sasa wewe. Juzi ulipokuwa unachota maji uliniambia, "Mama, nikidai watanirudisha, na baba hawezi kazi. Kodi je? Na wadogo zangu?" Nilikuambia tutaongea. Tunaongea sasa. Hofu yako si ya kijinga, mwanangu. Nimeipima na mimi. Ukirudishwa, mwaka huu utakuwa mgumu, pengine tutauza ng'ombe tuliyemkusudia kwa mahari yako, na nitakusikia ukihema usiku kwa hasira. Najua hayo yote, na bado nakwambia usifanye kazi ya ng'ombe bure.

Kamba fanya. Sitaha safisha mpaka ing'ae, asipatikane wa kusema mtoto wa Kaijage ni mvivu. Mkubwa wako mheshimu, mpe shikamoo yake. Lakini siku watakapoanza kuwapandisha ng'ombe kwenye daraja la meli, mikono yako iweke nyuma. Usiseme sana. Ukiulizwa, sema hivi tu: "Nyongeza ya ng'ombe ikitajwa, nitaanza." Kisha simama.

Maneno hayo ni mepesi hapa mlangoni. Kule yatakuwa mazito, na nakueleza kwa nini, kwa sababu karani wa soksi anakijua kitu kimoja kukuhusu kuliko unavyojijua. Anajua kwamba wewe umelala na ndama tangu utoto. Anajua ng'ombe akiteleza, mkono wako utakwenda kabla kinywa hakijafunguka. Hakukuchagua kwa jina la baba yako tu. Amekuchagua kwa sababu huwezi kumsikia ng'ombe analia ukakaa, na hilo ndilo wanalolitumia bila kulilipia tangu kabla hujaota meno ya pili. Mtoto wa mvuvi atadai kwanza, maana ng'ombe kwake ni mzigo. Sisi tunaanza kazi kwanza, kisha tunaona haya kudai.

Kwa hiyo akianguka mmoja siku hiyo, aanguke. Nimeandika neno hilo mimi, niliyemlilia ng'ombe wetu Bihogo alipokufa kuliko nilivyomlilia mama mkwe, na kijiji kizima kiliona. Aanguke. Mchuuzi atamlilia bwana mkubwa, na bwana mkubwa atakumbuka kwamba kuna kazi inayoitwa ng'ombe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nao wametunyonga vya kutosha.

Na hutasimama peke yako, usidhani mama yako ni mwehu kiasi hicho. Leonidas wa Kanoni amechukuliwa pia, na yule kijana mrefu wa Isingiro. Kanoni nilikwenda mwenyewe wiki iliyopita, nikakwambia nakwenda kutafuta mbegu za maharage. Mama yake Leonidas alinisikiliza huku anapepeta, akaniuliza swali moja tu, kama wewe utasimama kweli. Nikamwambia utasimama. Isingiro nilituma neno kwa mtu ninayemwamini, na jibu limekuja kwamba kijana ameambiwa. Kwa hiyo akitokea wa Karagwe aliyeinua mkono wa kwanza kumshika ng'ombe kabla nyongeza haijatajwa, asiwe wa kwangu. Nimetoa ahadi kwa jina lako bila kukuuliza. Nikasirikie ukitaka, lakini usinivunjie.

Watakuita mkaidi. Ami zako watasema mama yake ndiye aliyemharibu. Wakubalie, uwaokolee muda wa kutafuta mwingine wa kumlaumu.

Kitu cha mwisho. Asubuhi ulitafuta fimbo yako nyumba nzima ukaniuliza iko wapi, nikasema sijui, ukaondoka ukiwanung'unikia wadogo zako. Hawana kosa. Ilikuwa nyuma ya kitanda changu.

Si mimi niliyeichukua. Jana alipomaliza kukamua, baba yako aliingia anauburuta mguu wake, ameishika fimbo ile aliyokuchongea mwenyewe. Unajua kwamba tangu walipomshusha kwenye lori hajawahi kusema neno la meli ndani ya nyumba hii, na mimi pia sikumwuliza, kwa kuogopa atanijibu. Akaniwekea magotini.

"Mama Evodi," akasema, "mfichie. Akipanda ameishika hii, wamekwisha kumpata bila kumuuliza."

Nilidhani mambo haya ninayapika peke yangu, kumbe alikuwa ananisikiliza muda wote.

"Mimi nilipanda nayo," akasema, akarudi zizini.

Kwa hiyo utaondoka kesho mikono mitupu, wa kwanza katika ukoo huu, na usione haya. Siku watakapoitaja nyongeza ya ng'ombe kwa vinywa vyao, mbele ya Leonidas na yule wa Isingiro, niletee neno kupitia dukani kwa Mzee Salimu. Nitapanda lori lake juu ya magunia kama siku ile, nije nikukabidhi fimbo palepale kwenye ngazi za ofisi yao, karani akiwa dirishani. Baba yako amesema tutakuja wote wawili.

Na wakikataa, rudi uichukue. Iko nyuma ya kitanda changu.

Mama yako,
Gaudensia